Mwongozo kamili: kubuni na kunakshi modeli ya karatasi ya Cessna Grand Caravan kwa skeli ya 1:50

Karatasi hukubali kupinda upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukiizungusha iwe bomba, inakubali. Ukiizungusha iwe koni, inakubali pia. Ukiilazimisha iwe kama yai, inakunjamana. Kazi kubwa ya kubuni ndege ya karatasi ni kuamua mapema umbo la ndege ligawanywe wapi ili kila kipande kiwe bomba, koni au bapa, kisha maungio yaangukie mahali ambapo jicho halitayatafuta. Rangi na vinakshi huja baadaye, na havijawahi kuokoa umbo lililokosewa.

Ndege inayotumika hapa ni Cessna 208B Grand Caravan, ile ya injini moja yenye bawa juu na begi la mizigo tumboni, inayoonekana kila siku Unguja, Arusha, uwanja wa Wilson jijini Nairobi na kwenye viwanja vya vumbi vya Serengeti na Maasai Mara. Inamfaa mbunifu kwa sababu ubavu wake ni karibu bapa, magurudumu yake hayakunjwi, na bawa lake limenyooka. Tena ni rahisi kuikaribia na kuipiga picha.

Vipimo kwanza

Kwa skeli ya 1:50, kila mita moja ya ndege halisi ni milimita 20 za modeli. Zidisha mita kwa 20, basi. Grand Caravan ina upana wa mabawa wa mita 15.88 na urefu wa mita 12.68, kwa hiyo modeli itakuwa na mm 317.6 kwa mm 253.6. Nusu ya bawa ni mm 159, inaenea vizuri kwenye karatasi ya A4. Waundaji wa modeli za karatasi wa Poland na Ujerumani wamezoea 1:33, lakini kwa skeli hiyo Caravan inafikia karibu sentimita 48 ncha hadi ncha.

Tafuta mchoro wa pande tatu: ubavuni, juu na mbele. Kabla ya kuuamini, pima upana wa mabawa na urefu wa ndege kwenye mchoro huo, kisha gawanya cha kwanza kwa cha pili. Jibu liwe 1.25. Ukipata karibu 1.39, umeshika mchoro wa Caravan fupi ya awali, ile 208 yenye urefu wa mita 11.46. Bawa ni lilelile ila kiwiliwili ni kifupi, na watu wengi huchanganya hizi mbili. Ukipata namba nyingine kabisa, picha imevutwa upande mmoja. Irekebishe au iache.

Kipimo kingine cha kuhakikishia: eneo la bawa ni mita za mraba 25.96. Ukiligawa kwa 15.88 unapata upana wa wastani wa mita 1.63, yaani karibu mm 33 kwenye modeli. Bawa ulilochora likiwa na wastani wa mm 37, kuna mahali umekosea.

Picha za ndege halisi tumia kwa vinakshi, si kwa vipimo. Picha iliyopigwa karibu hufanya pua iwe kubwa na mkia uwe mdogo. Ukilazimika kupimia picha, iwe imepigwa kutoka mbali kwa lenzi ya kuvuta vitu vya mbali, ubavu ukiwa sambamba na kamera.

Vifaa

Karatasi ya gramu 160 kwa ngozi ya ndege (unene wake ni karibu mm 0.2), karatasi ya kawaida ya gramu 80 kwa tepe za kuungia (mm 0.1), na kadi ya mm 1 kwa fremu za ndani. Kadi hiyo unaweza kuitengeneza kwa kugandisha tabaka mbili au tatu za boksi la dawa ya meno na kuziacha chini ya vitabu usiku kucha. Kadibodi ya mawimbi haifai kwa skeli hii.

Kisu chembamba chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, ubao wa kukatia, kibano, msasa namba 400, gundi nyeupe ya seremala, na supa gluu kidogo kwa sehemu za waya. Kwa mistari ya kukunjia tumia kalamu ya wino iliyokwisha: inabonyeza karatasi bila kuikata. Wembe ukikwaruza mstari wa kukunjia, nyuzi za karatasi hukatika na weupe hujitokeza kwenye kona. Ongeza vijiti vya mshikaki, njiti za meno, spoku moja ya baiskeli na vibanio vya karatasi.

Angalia mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Ikunje kidogo kwa urefu, halafu kwa upana, bila kuivunja. Upande unaokubali kwa ulaini ndio unaozungushia mabomba, maana nyuzi zinalala sambamba na mhimili wa bomba. Manila ya dukani mara nyingi hukatwa kutoka karatasi kubwa, kwa hiyo usikisie: jaribu kila pakiti. Kiwiliwili kilichozungushwa kinyume na nyuzi huwa na vivunjiko vidogo kama karatasi ya sigara, na vikishatokea haviondoki.

Unene wa karatasi una hesabu yake

Hapa ndipo modeli nyingi za mara ya kwanza huharibikia. Mchoro hauna unene, karatasi inao.

Tuseme mkato wa kabini (umbo unaloliona ukiikata kama mkate) una upana wa mm 34, kimo cha mm 32, na kona zenye nusu kipenyo cha mm 8. Mzingo wake ni mara mbili ya (34 + 32), toa 1.717 mara 8: yaani 132 − 13.7 = mm 118.3. Lakini karatasi ikipinda, upande wa nje huvutika na wa ndani hubanwa. Urefu usiobadilika uko katikati ya unene. Kwa hiyo toa π mara unene: 3.14 × 0.2 = mm 0.6. Ngozi ikatwe mm 117.7, ukiongeza ulimi wa gundi wa mm 4.

Fremu ya ndani nayo ipunguzwe. Ngozi inakula mm 0.2 na utepe wa kuungia mm 0.1, jumla mm 0.3 kila upande. Fremu ya kabini yetu itakuwa mm 33.4 kwa mm 31.4, na kona za mm 7.7. Ukiiacha na vipimo vya mchoro, ngozi haitafunga, utaivuta, na ubavu utatoka na mabonde kila palipo na fremu kama mbavu za ng'ombe mwenye njaa. Fremu iliyo ndogo kidogo ina nafuu: gundi itaijaza.

Kiwiliwili

Kigawe vipande vinane: koni ya rafadha (propela), viwili vya nyumba ya injini, kimoja cha chumba cha marubani, kimoja kirefu cha kabini, na vitatu vya mkia. Kabini haibadiliki mkato kwa sehemu kubwa, kwa hiyo usiikate bila sababu. Kila ungio ni mstari utakaoonekana. Mkia ndio unaotaka vipande vingi kwa sababu tumbo linapanda juu kwa mkunjo huku mgongo ukibaki karibu umenyooka.

Mshono wa kila kipande uweke katikati ya tumbo. Caravan yenye begi la mizigo ina bahati hapa: begi litafunika mishono ya injini, marubani na kabini, utabaki na ya mkia tu.

Kwa kipande cha duara kinachopungua, hesabu ni fupi. Chukua pete ya mbele ya nyumba ya injini yenye nusu kipenyo cha mm 10 nyuma, mm 7 mbele, na kina cha mm 6. Urefu wa mteremko ni kipeuo cha pili cha (6² + 3²), yaani mm 6.7. Tao la nje lina nusu kipenyo cha 6.7 × 10 ÷ 3, karibu mm 22.4, la ndani ni 22.4 − 6.7, yaani mm 15.7. Pembe ya tao ni 360 × 3 ÷ 6.7, nyuzi 161. Chora matao mawili kwa bikari, kata pembe hiyo, zungusha.

Kipande kinachotoka mkato wa mraba wenye kona laini kwenda mkato wa namna nyingine hakina njia ya mkato kama hiyo. Fanya hivi:

1. Chora mikato miwili, wa mbele na wa nyuma, kila mmoja kwa nusu tu, kwa kuwa pande zinafanana.
2. Weka alama 13 kwenye kila nusu, kuanzia tumboni hadi mgongoni. Zisongamanishe kwenye kona na uziachanishe kwenye ubavu bapa.
3. Unganisha alama ya kwanza ya mbele na ya kwanza ya nyuma, kisha mshazari hadi ya pili, na kuendelea, upate pembetatu 24.
4. Urefu halisi wa kila mstari ni kipeuo cha pili cha jumla ya vipeo vya pili vya tofauti tatu: ya upana, ya kimo, na umbali kati ya fremu.
5. Jenga pembetatu moja baada ya nyingine kwenye karatasi, halafu geuza nusu hiyo kama kwenye kioo.

Jumla ya kingo za mbele lazima ilingane na mzingo wa kipande kinachotangulia. Zikipishana zaidi ya mm 0.5, rudi kwenye hesabu, usitegemee gundi.

Blender, programu ya kompyuta ya kuunda maumbo ya pande tatu, ikiwa na kiongezi chake cha Export Paper Model hufanya kazi hii kwa dakika chache, nayo haina malipo. Ila ina tabia mbili za kujua. Uso wenye pembe nne ukiwa umejipinda, programu huuchanachana kuwa vipande vyembamba visivyokatika; nyoosha nyuso kwanza na weka mishono mwenyewe. Pia programu haijui unene wa karatasi yako, kwa hiyo kupunguza mm 0.3 za fremu kunabaki kazi yako. Ukishapata maumbo, yapeleke Inkscape, programu ya kuchorea, uyatenge kwa tabaka: kukata, kukunja, rangi, namba.

Chapisha rasimu nyeupe kwenye karatasi ya gramu 160 na uiunge nzima kabla ya kugusa rangi. Andika makosa kwa penseli juu ya rasimu yenyewe. Mbili ndizo za chini. Ya kwanza haijawahi kuwa sahihi.

Bawa

Mkato wa bawa la Caravan ni wa familia ya maumbo ya bawa iitwayo NACA 230: unene wa asilimia 17 na kidogo shinani, asilimia 12 nchani. Ukipima upana wa shina ukapata mm 40, unene wake ni karibu mm 7. Bawa nene namna hii ni sehemu ya sura ya ndege hii, na bawa la kadi bapa linaiua sura hiyo papo hapo.

Ngozi ya bawa ni kipande kimoja kinachozunguka ukingo wa mbele. Usiukunje ukingo huo. Uviringishe juu ya kijiti cha mshikaki ukisugua kwa kidole, taratibu, mpaka ushike umbo wenyewe. Ukingo wa nyuma unataka kinyume chake: uwe mkali kama wembe. Acha ngozi ya chini iwe ndefu zaidi kwa mm 3, ipunguze unene kwa msasa upande wa ndani, kisha gandisha. Ndani weka mbavu nne kila upande na mhimili mmoja wa kadi wenye kimo cha mm 5 unaopita juu ya dari ya kabini kutoka bawa hadi bawa.

Mhimili huo ukatwe na mkunjo wa nyuzi 3 kila upande, ndipo ncha zitapanda mm 7 hadi 8 juu ya shina. Gundi ikiwa mbichi, weka modeli mezani na pima kimo cha ncha zote mbili. Tofauti ya mm 1 inaonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Unapochora mistari ya nyuso zinazosogea, kumbuka kwamba flapu za Caravan (zinazoshushwa wakati wa kutua) huchukua sehemu kubwa ya ukingo wa nyuma, na eiloni (za kuinamisha ndege upande) ni fupi, karibu na ncha. Wengi huchora nusu kwa nusu kwa mazoea ya ndege nyingine.

Nguzo ya bawa, moja kila upande, ni kijiti cha mshikaki kilichopigwa msasa kiwe bapa kama jani, kikavikwa karatasi iliyochapishwa. Karatasi peke yake itanyong'onyea ndani ya wiki chache.

Mkia uunge baada ya bawa, si kabla. Utatazama kutoka nyuma na kuulinganisha na bawa lililokwisha kukaa.

Rangi na uchapishaji

Caravan nyingi ni nyeupe na mistari, na karatasi tayari ni nyeupe, lakini weupe wa pakiti moja si wa nyingine. Chapisha karatasi zote za ndege moja kutoka pakiti moja. Rangi ivuke mstari wa kukata kwa mm 2 na iingie kwenye ndimi za gundi, ili kosa dogo la kisu lisiache utepe mweupe.

Mistari ya maungio ya bati usiichore nyeusi. Nafasi ya mm 3 kwenye ndege halisi ni mm 0.06 kwa skeli hii. Mstari mweusi wa mm 0.3 ni sawa na ufa wa sentimita 1.5. Tumia kijivu cha asilimia 30, unene wa mm 0.1. Milango na flapu ziwe nzito kidogo, asilimia 50. Ribiti ya mm 5 ingekuwa mm 0.1, na nukta moja ya printa kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) ni mm 0.085, kwa hiyo ukitaka ribiti, chapisha kwa dpi 600 na uzifanye hafifu sana. Ushauri wetu ni kuziacha isipokuwa kuzunguka nyumba ya injini.

Milango: kushoto kuna mlango wa rubani mbele na mlango mkubwa wa mizigo nyuma. Kulia kuna mlango wa mbele pia, na mlango wa abiria wenye ngazi uko nyuma. Usigeuze ubavu mmoja kama kioo ukauita wa pili.

Namba ya usajili huanza na 5H kwa Tanzania, 5Y kwa Kenya, 5X kwa Uganda, 9Q kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kanuni za kimataifa zinataka herufi zisizopungua sentimita 30 ubavuni na 50 chini ya bawa la kushoto, yaani mm 6 na mm 10 kwako.

Printa ya wino hutoa rangi nzuri ila huchuruzika ikiguswa na gundi ya maji. Pulizia vanishi isiyong'aa, tabaka mbili nyembamba, acha ikauke kabisa kabla ya kukata. Printa ya leza haichuruziki, lakini rangi yake hubanduka kwenye mikunjo. Iguse kwa penseli ya rangi. Kwenye mpangilio wa kuchapisha chagua asilimia 100. Ukiiachia kompyuta ilinganishe na ukurasa, hupunguza kwa asilimia tatu au nne na mhimili hautaingia mahali pake. Weka mstari wa mm 100 kwenye kila ukurasa na uupime kwa rula kabla ya kukata chochote.

Kingo zilizokatwa zipake rangi kabla ya gundi, kipande kwa kipande. Kazi hii huchosha, lakini hakuna nyingine inayolipa zaidi kwa muda unaotumia.

Pua, rafadha na magurudumu

Kabla ya kufunga pua, tia uzito. Karatasi ya mkia ni nyingi kuliko ya mbele, na modeli itakalia mkia. Nati moja au mbili, jumla gramu 10 hadi 15, zigandishwe ndani ya nyumba ya injini; jaribu kwa kuisimamisha juu ya penseli mahali pa magurudumu makuu. Hata Caravan halisi huwekewa kiguzo chini ya mkia wakati wa kupakia.

Rafadha ina mapanga matatu na kipenyo cha mita 2.69, yaani mm 54. Kila panga ni tabaka mbili za karatasi zilizogandishwa na kusokotwa kidogo kabla gundi haijakauka. Kama ndege imeegeshwa, geuza mapanga yakabili upepo kwa ukingo, si kwa uso. Injini ya ndege hii, PT6A, ikizimwa, mafuta yanayoshikilia pembe ya mapanga hupungua shinikizo, na chemchemi pamoja na vizito huyageuza hivyo. Ukiyaweka kama ya ndege inayoruka huku milango iko wazi, mtu wa uwanjani ataona kosa kabla ya kuona kingine chochote.

Bomba la moshi liko chini upande wa kulia wa pua. Lizungushe juu ya njiti ya meno, lipake kahawia iliyochomeka, na ndani jeusi.

Miguu ya nyuma ni spoku ya baiskeli iliyopindwa, ivikwe karatasi. Ya mbele ni waya wa kibanio ndani ya bomba la karatasi. Kipenyo cha tairi kitaangukia kati ya mm 11 na 15 kulingana na aina. Ndege za viwanja vya vumbi hufungwa tairi kubwa. Gandisha duara za kadi mpaka upate unene, toboa katikati, chomeka njiti ya meno na uizungushe juu ya msasa mpaka kingo ziwe mviringo. Tairi ipake kijivu cheusi, si nyeusi kabisa. Sehemu inayogusa ardhi isawazishe kidogo kwa msasa, ndege ionekane ina uzito.

Kioo cha mbele kitoke kwenye plastiki angavu ya kufungia ripoti, na nguzo ya katikati iwe ya karatasi. Madirisha ya kabini yachapishe kijivu cha samawati, juu meusi zaidi kuliko chini. Ukiyatoboa utalazimika kutengeneza viti.

Uchafu

Saga ncha ya penseli laini upate unga, uupake kwa brashi kavu kutoka mdomo wa bomba la moshi kwenda nyuma, ubavu wa kulia na begi la mizigo pekee. Kwa vumbi jekundu saga chaki ya kahawia iliyochanganywa na nyekundu kidogo: tairi, miguu, uso wa mbele wa begi, na tumbo nyuma ya magurudumu. Mgongo wa bawa hupata kidogo sana. Kila baada ya mguso mmoja isogeze modeli mbali na uitazame. Vumbi huongezwa, haliondolewi kirahisi.

Funga kwa vanishi isiyong'aa ukiwa mbali na upepo. Kwa wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, pulizia na sehemu za ndani za begi na mkia kabla ya kuzifunga, kwa sababu unyevu wa bahari hupenya karatasi kutoka ndani na kuvimbisha ubavu. Ukiiweka kwenye kisanduku cha kioo, tupia humo vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe msimu wa masika unapoanza.